Ulinzi wa USC: tumwondoe Grinch sasa hivi, tusubiri msimu uishe, au tatizo ni wachezaji?

Mswahili_wa_LA (4 Novemba 2023, usiku)

Wakuu salaam. Timu yetu ya futiboli ya Marekani ya chuo cha USC, Los Angeles, imefungwa: Washington 52, USC 42, na tulikuwa nyumbani kwetu uwanja wa Coliseum. Dillon Johnson wa Washington peke yake kakimbia yadi 256 na kufunga tachidauni nne (mpira kufikishwa eneo la mwisho). Mkimbiaji mmoja! Sasa naomba tujadili bila matusi maana nimechoka kusoma kelele za huko kwingine, mi naona njia ziko tatu. Ya kwanza, kocha mkuu Lincoln Riley amwondoe kocha wa ulinzi Alex Grinch leo leo. Ya pili, amwache amalize mechi za Oregon na UCLA alafu Desemba atafutwe mtu mpya kwa utulivu. Ya tatu, abaki, tukubali kwamba shida ni wachezaji, tusubiri dirisha la uhamisho.

Mimi niko na ya pili, na nasema wazi kwamba tatizo ni mfumo wenyewe. Kwa wasioujua, Grinch anataka vijana wa mstari wa mbele wasisimame wakapambana na mtu aliye mbele yao, mpira ukianza tu wanachomoka kwenda pembeni, kila mmoja anajipenyeza kwenye mwanya wake ili kuvuruga. Ukifanikiwa unampata kwotabeki (mrushaji mpira) kwa nyuma au unapora mpira, ndo maana 2022 tulipora mipira mingi mno na Tuli Tuipulotu akaongoza nchi nzima kwa saki (kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha), 13.5. Ila akichomoka mtu wa mbele anaacha nafasi, na hiyo nafasi lazima lainibeka (beki wa safu ya pili) aizibe palepale, akichelewa hata hatua moja mkimbiaji kashapita na sasa anakutana na sefti (beki wa mwisho nyuma) peke yake uwanja mzima. Ndicho tulichokiona leo robo zote nne.

Na mwaka jana dalili zilikuwepo, ushindi ulizifunika tu. Utah walitufunga 43-42 Oktoba, wakatupiga tena 47-24 kwenye fainali ya ligi yetu ya Pac-12 wakati tungeshinda ile tungeingia mchujo wa ubingwa wa taifa, kisha Tulane 46-45 kwenye Cotton Bowl, mechi ya kufunga msimu ambayo tulikuwa tunaongoza 45-30 zimebaki kama dakika nne na nusu. Kwotabeki wetu Caleb Williams kachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huohuo. Kijana anafunga pointi arobaini na bado anapoteza mechi, inauma sana.

BekiWaRaga254 (5 Novemba 2023)

Kaka nimekusoma vizuri ila hapo kwa mfumo mi sikubaliani, na nasema kama mtu aliyecheza raga Nairobi tangu shule. Mfumo haushiki mtu kiunoni. Rudia ile mechi ya Cal wiki iliyopita, 50-49, wale walikosa tu pointi mbili za mwisho la sivyo tulikuwa tumepoteza, angalia ni mara ngapi jamaa wetu amefika kabisa, yuko pale, mkimbiaji yuko mbele yake, anarusha bega badala ya kufunga mikono na kusukuma miguu. Hiyo ni mazoezi ya Jumanne na Jumatano maze. Raga bila helmeti unafundishwa kichwa kiende upande gani kabla hujafundishwa kitu kingine chochote, hawa vijana wanatafuta kupiga mpira udondoke ili wapore, kwa sababu kocha anahesabu mipira iliyoporwa.

Kwa hivyo mimi naenda na njia ya kwanza. Aende leo. Sio kwa sababu ya mchoro wa ubaoni, ni kwa sababu amewazoesha vibaya na kila wiki anayobaki wanazidi kuzoea.

Mswahili_wa_LA (5 Novemba 2023)

Lakini ndugu yangu hizo mbili huwezi kuzitenganisha. Ukimwambia kijana kazi yake ni kupora mpira, atakimbilia mpira. Ukimwambia kazi yake ni kumwangusha mtu na wenzake watakuja wa pili na wa tatu, atamwangusha. Mazoezi yanafuata mfumo.

Bi_Zuhura_Columbus (5 Novemba 2023)

Hamjambo kaka zangu. Mimi ni shabiki wa Ohio State, mtanivumilia, ila nina mfano ulioniuma mwenyewe na unafanana na wenu kabisa. Watani wetu Michigan walikuwa na kocha wa ulinzi Don Brown, mtu wa mtu kwa mtu, kila kona (beki wa pembeni) anambana wa kwake, na juu yake ni blitzi (kutuma watu wengi kumvamia kwotabeki). Dhidi ya timu ndogo ilikuwa inatisha. Sasa sisi tulikuwa tunafanya kitu kimoja, wapokeaji wetu wanapishana katikati, mmoja anakata kulia mwingine kushoto, beki anayemfukuza lazima azunguke wenzake, anachelewa, mpira umeshafika. Tukawafunga 62-39 mwaka 2018. 56-27 mwaka 2019. Kila mtu aliona ugonjwa isipokuwa wao, au waliuona wakadhani wachezaji wa mwaka ujao watakuwa na mbio zaidi.

Baada ya 2020, msimu ule mfupi waliomaliza 2-4, kocha wao mkuu Harbaugh akaachana na Brown akamchukua Mike Macdonald kutoka Baltimore Ravens ya ligi ya kulipwa, NFL, kijana wa miaka thelathini na kidogo ambaye hakuna aliyemjua. Huyo akaja na kitu kingine, unaona watu sita wamesimama mbele kama wote wanakuja, wanakuja wanne, na hujui ni wanne gani, na nyuma hujui ni zoni (kila beki analinda eneo) au ni mtu kwa mtu mpaka mpira umeshaanza. Novemba 2021 wakatupiga 42-27. Nilikaa kimya siku nzima nyumbani kwangu. Na wengi wa wale wachezaji walikuwa walewale waliokuwepo chini ya Brown! Aidan Hutchinson alikuwepo, aliumia tu 2020. David Ojabo, yule kijana mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Scotland, alikuwepo, hakuna aliyekuwa anamtumia.

Kwa hiyo kwa ninyi USC nasema njia ya pili, na mtafute mtu wa aina hiyo, aliyelelewa kwenye ligi ya kulipwa, anayejua kuficha nia yake.

Kipara_Oysterbay (5 Novemba 2023)

Asante sana dada kwa huo mfano, umenifumbua macho. Mimi nafuatilia mchezo huu kutoka Dar, mechi zenu ni usiku wa manane huku. Swali langu: je, si kweli kwamba Hutchinson na Ojabo ni vipaji vya hali ya juu? Walienda wote NFL. Sisi USC nani wa kulingana nao? Tuipulotu kaondoka, Chargers wa NFL walimchukua. Bear Alexander katoka Georgia ana mwili lakini hapangwi vya kutosha. Mason Cobb kaletwa toka Oklahoma State awe kichwa cha malainibeka. Nauliza tu, mbona hata walioletwa wakiwa na jina wanafika kwetu wanashuka?

Mswahili_wa_LA (5 Novemba 2023)

Mzee shikamoo. Hilo swali lako la mwisho ndilo jibu lenyewe. Mtu akiwa mzuri Georgia au Oklahoma State, akaja kwetu akapotea, na wa pili akapotea, na wa tatu, sidhani kama ni bahati mbaya ya kusajili.

Na mfano mwingine ni LSU. 2019 mabingwa wa nchi, kisha kocha wao wa ulinzi Dave Aranda akaenda Baylor, wakamleta Bo Pelini. Mechi ya kwanza kabisa ya 2020, Mississippi State ya Mike Leach, timu ambayo kila mtu duniani anajua itarusha mpira, Pelini akang'ang'ania mtu kwa mtu mechi nzima. Kwotabeki wa Mississippi State K.J. Costello akarusha yadi 623, rekodi ya ligi yao ya SEC, LSU wakafungwa 44-34. Msimu mmoja tu Pelini akaondolewa. Kweli beki wa LSU Derek Stingley hakucheza siku ile na wengi walikuwa wameshakwenda NFL, ila yadi 623 huwezi kusingizia mtu mmoja kukosekana.

Mukongomani_Texas (5 Novemba 2023, jioni)

Ndugu zangu, habari imetoka sasa hivi, Riley amemwondoa Grinch. Shaun Nua na Brian Odom watashika ulinzi mpaka msimu uishe.

Mimi nimekuwa mtu wa Oklahoma muda mrefu, niwape historia ambayo naona hamjaitaja hapa. Riley aliishafanya hivi alipokuwa kocha wetu Oklahoma. Oktoba 2018 tulifungwa na Texas 48-45, siku mbili baadaye kocha wa ulinzi Mike Stoops akaondoka, Ruffin McNeill akachukua ulinzi. Mlifikiri shimo liliziba? Tulimshinda Oklahoma State 48-47. Tulimshinda West Virginia 59-56. Tukafika mchujo, Alabama wakatufunga 45-34. Kubadilisha kocha katikati ya msimu hakubadilishi kitu, wachezaji walifundishwa lugha moja tangu Machi, huwezi kuwapa lugha nyingine Novemba. Na aliyeletwa baada ya hapo 2019 ni nani? Ni huyu huyu Grinch. Alipunguza maumivu kidogo, halafu LSU wakatupiga 63-28 kwenye Peach Bowl.

Kwa hiyo mimi swali langu siyo njia ya kwanza ao ya pili. Swali ni Riley. Makocha wa ulinzi wawili, vyuo viwili, ugonjwa mmoja. Mazoezi yake yote ni ya kushambulia, siku nzima ulinzi wake unafanya mazoezi na timu inayorusha mpira na kukwepa kugongana, watajifunza wapi kupambana na timu inayokuja kukusukuma?

BekiWaRaga254 (5 Novemba 2023, jioni)

Huyu ndugu wa Texas amesema jambo zito kuliko sisi wote. Mimi nilitaka Grinch aende na ameenda, nashukuru, lakini sasa naona kama mkuu wa kazi habadilishi mazoezi atakuja mwingine na baada ya miaka miwili tutamfukuza yeye pia. Na mwakani tunaingia ligi ya Big Ten! Huko ni Michigan, Penn State, Wisconsin, watu wanakimbiza mpira katikati hata kwenye theluji. Hawa vijana wetu wepesi wa mbele watasukumwa mpaka kwa golikipa kama tungekuwa na golikipa.

Bi_Zuhura_Columbus (6 Novemba 2023)

Kaka wa Texas, nakubali nusu. Harbaugh pia aliambiwa shida ni yeye, na chuo kikampunguzia mshahara. Alichofanya ni kumpa Macdonald nafasi kamili, hakumwingilia. Kama Riley atakubali kumwachia mtu upande mmoja wa uwanja, na muda wa mazoezi, na pesa za kuajiri wasaidizi anaowataka yeye, inawezekana. Kama atataka mtu wa kukaa kimya, haiwezekani.

Kipara_Oysterbay (19 Novemba 2023)

Oregon walitufunga 36-27, na jana UCLA wametupiga 38-20 palepale Coliseum. Basi njia ya kwanza imeshajibiwa. Kilichoniumiza jana ni kwamba majirani zetu, wana ulinzi ambao sisi tunautamani, mchezaji wao wa mbele Laiatu Latu anavyowasumbua watu, na kocha wao wa ulinzi D'Anton Lynn ni mwaka wake wa kwanza tu pale. Mnajua ametoka wapi? Ravens. Kulekule alikotoka yule Macdonald wa dada Zuhura.

Mswahili_wa_LA (2 Desemba 2023)

Wakuu!! Lynn amekuja kwetu. Tumemchukua kutoka UCLA kabisa. Nimefurahi sijui niseme nini. Mzee Kipara uliona kabla ya wote.

Ila nisiishie kwenye furaha tu. Naomba tuangalie wasaidizi atakaopewa, hasa wa mstari wa mbele na wa malainibeka, maana hapo ndipo tulipooza. Kona na sefti nadhani atawashughulikia mwenyewe, ndiyo kazi aliyoifanya Baltimore.

Mukongomani_Texas (22 Septemba 2024)

Nimerudi kwa sababu ya jana. Nilikuwa na wasiwasi na Riley na lazima niseme amempa Lynn watu: Eric Henderson katoka Rams ya NFL kwa mstari wa mbele, Matt Entz ambaye alikuwa kocha mkuu North Dakota State kachukua malainibeka, Doug Belk yuko na mabeki wa nyuma. LSU mliwashinda 27-20 kule Las Vegas na watu walikuwa wanashikwa, wanaangushwa chini, niliona kwa macho yangu timu tofauti. Lakini jana Michigan wamewafunga 27-24. Wamerusha yadi 32 tu mechi nzima. Thelathini na mbili! Hawakuwa na kwotabeki wa kurusha, kila mtu kwenye uwanja wa watu laki moja alijua watakimbia, na wakakimbia yadi 290, Kalel Mullings akapasua katikati yadi 63 kwenye safari ya mwisho, kisha akafunga zikiwa zimebaki sekunde 37.

BekiWaRaga254 (22 Septemba 2024)

Ile ya yadi 63 nimeirudia polepole. Kuna watu wawili walifika na walishika, mikono ilifungwa vizuri kabisa, ila jamaa ana uzito na aliwabeba. Mwaka jana wasingefika hata hapo. Kwa hivyo mfumo sawa, mafunzo sawa, sasa tunahitaji miili. Hapo ndio njia ya tatu inaingia, nilikuwa naipinga lakini kwa mstari wa mbele naiunga mkono: Januari tutafute vijana wa kilo mia na arobaini, watatu au wanne, waliokwisha kucheza Big Ten au SEC.

Mswahili_wa_LA (22 Septemba 2024)

Naafiki kuhusu miili, lakini tusisubiri Januari. Wisconsin wanakuja wiki ijayo hapa nyumbani na watakimbia palepale Michigan walipokimbia. Mi ningependa Lynn aweke watano mbele kwenye yadi chache, amtoe beki mmoja wa nyuma, awaache warushe mpira kama wanaweza. Dada Zuhura, wewe umeziona hizi timu miaka mingi kuliko sisi, Ohio State mnafanyaje mkikutana na Wisconsin?

Bi_Zuhura_Columbus (22 Septemba 2024)

Tunafanya hivyohivyo unavyosema, watano mbele, na hatuwaruhusu wale wa mbele wachomoke pembeni hata kidogo, kila mtu anakaa na wa kwake na kumzuia asisogee. Ni kazi isiyopendeza kuangalia. Msianze kumlaumu Lynn mkiona yadi tatu, yadi nne kila mara, angalieni kama kuna ya ishirini.