MAKALA IMERUDISHWA MARA TATU KWA AJILI YA MIKATO NA MABANO. Hivi kuna mtu amesoma nilichoandika?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Asubuhi nimefungua barua pepe nikakuta makala yangu imerudi kwa mara ya tatu. Hawasemi hoja ni dhaifu, hawasemi data haitoshi. Wanasema marejeleo hayajafuata mtindo wa jarida. Sentensi mbili, jina la msaidizi wa mhariri, kwisha. Niliituma mwezi wa pili, huu ni wa sita, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyepelekewa aisome.

Makala inahusu ufundishaji wa Kiswahili katika sekondari zetu za Uganda tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2020. Nimezunguka shule kwa miezi, nimekaa madawati ya nyuma na daftari langu, nimeona mwalimu wa historia akifundisha ngeli kwa sababu hakuna mwingine. Hayo yote hawajayafikia. Wameanzia ukurasa wa mwisho na wamekwama hukohuko. Marejeleo yako 61. Idadi naijua kwa kichwa maana nimeyagusa yote, moja baada ya jingine, mara tatu.

Mara ya kwanza. Mwongozo wao unasema tumia APA, ule mtindo wa marejeleo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani. Toleo gani? Kimya. Nikatumia la 7, lililotoka 2019, ambalo limeondoa mji wa mchapishaji: unataja mchapishaji tu, unaweka nukta, unaendelea. Wakarudisha: miji haipo. Kumbe wanataka toleo la 6 bila kulitaja! Haya, nikaanza kusaka miji. Kitabu kimoja nilikuwa nimekisoma maktaba tu, nikapanda teksi kutoka Mukono hadi Kampala, foleni yote ile, kwenda kufunua kurasa za mwanzo nijue kilichapishwa Nairobi au Dar es Salaam. Nikaweka miji. Nikatuma.

Mara ya pili akajibu mtu mwingine. Ondoa miji.

Banange! Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akachungulia dirishani.

Mara ya tatu ndiyo hii ya leo, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi, kwa sababu sasa wamegusa majina ya watu. Eti orodha haijapangwa kialfabeti. Nimeipitia, imepangwa. Tatizo ni kwamba wao wanadhani jina la mwisho ndilo jina la familia. Hapa kwetu mtu huandikishwa shuleni jina la nyumbani likitangulia na la dini likifuata. Tuseme Okello John. Mimi namweka kwenye O: Okello, J. Wao wanamtaka kwenye J: John, O. Nani huyo? Ukimtafuta humpati, au unapata watu wawili, nusu ya kazi zake kwa huyu na nusu kwa yule.

Na hilo la familia lenyewe linatoka wapi? Okello kwa Waacholi na Walango ni mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya mapacha. Nakato kwa Waganda ni pacha wa kike aliyetoka wa pili. Ndugu zake wana majina mengine kabisa, na baba yake lake. Sasa fomu ya kutuma makala ina kisanduku chenye kinyota chekundu: jina la familia, lazima ujaze. Ujaze nini? Halafu ukishakata majina ya kwanza yakabaki herufi moja moja kama APA inavyotaka, akina Kato, J. wa nchi hii wanatosha kujaza uwanja wa mpira.

Kabla hamjaniambia habari za Zotero, ile programu ya kupanga marejeleo: ninayo, ni ya bure, naipenda. Makala yenye DOI, ile namba ya kudumu ya utambulisho mtandaoni, inaivuta vizuri. Lakini tasnifu ya uzamili ya mwaka 1987 iliyopigwa taipu, iliyoko rafuni tu, hiyo utaiandika kwa mkono wako. Na taarifa unazovuta mtandaoni zinakuja na makosa ya aliyeziingiza, huyo John, O. akiwemo.

Jingine limeniuma zaidi kuliko nilivyotegemea. Nimetumia makala za zamani za jarida ambalo leo linaitwa Kiswahili, la Dar es Salaam. Wanaojua historia wanajua lilizaliwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili, Uganda ikiwemo, na kwamba katika miaka ya 1950 kamati hiyo ilikuwa na makao hapahapa Makerere. Jarida limebadili jina zaidi ya mara moja. Kwa hiyo niliandika jina lililokuwa juu ya jalada mwaka ule, ndivyo inavyotakiwa, ili msomaji akienda maktaba alikute. Mtu wao "akanisahihishia" yote yakawa Kiswahili. Sasa nenda kaombe toleo la 1955 kwa jina hilo uone mkutubi atakavyokutazama.

Na kila kichwa cha kazi ya Kiswahili nimeambiwa nikitafsiri kwa Kiingereza ndani ya mabano ya mraba. Sawa, APA inasema hivyo kwa lugha nyingine. Lakini makala yenyewe nimeiandika kwa Kiswahili, jarida linajiita la Kiswahili! Anayesoma kurasa 22 za Kiswahili atashindwa na kichwa cha kitabu?

Msinielewe vibaya. Marejeleo yana kazi yake. Mimi mwenyewe nimemrudishia mwanafunzi kazi kwa kutaja ukurasa wa 214 katika kitabu chenye kurasa 180. Yule alikuwa anadanganya. Mkato kukaa kabla au baada ya mabano haumdanganyi mtu. Ninachopinga ni kuanza na mkato. Someni kwanza. Mkiona kazi haifai, nikatalieni kwa hoja, nitalala. Mkiona inafaa, nipeni wiki nipange nukta zenu zote mnavyotaka, hata kwa kupigia mstari. Majarida mengi ya Elsevier, kampuni kubwa ya uchapishaji wa kitaaluma, yanakupokea kwa mtindo wowote mara ya kwanza, mradi ueleweke na usichanganye. Na ule mtindo wa marejeleo uitwao Vancouver ulitokana na wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wakapatana masharti ya pamoja ili mwandishi asilazimike kuipiga taipu upya kazi yake kila anapohamia jarida jingine. Mwaka 1978! Kwa taipu! Sisi tuna kompyuta na bado tunachezeshwa kwata.

Pale Wandegeya kuna kijana mwenye kibanda cha kuchapa aliyeniambia atanipangia yote kwa shilingi 60,000. Nikamuuliza toleo gani. Akasema, "Ssebo, lile wanalotaka." Nilikaribia kumpa.

Kama mnajua jarida la Kiswahili linalosoma kwanza, liwekeni hapa chini. Wahariri mliomo humu, nanyi semeni, sitawatukana.

NIMEONGEZA, saa nne usiku: Niliwaandikia kuwaeleza habari ya majina. Wamejibu haraka ajabu. Kuhusu majina, hakuna neno. Wanaomba ile "na wenzake" ndani ya matini ibadilishwe iwe "na wengine". Ziko 14.