Sinki la kibanda cha chipo linarudisha maji, dawa gani kali ya kuzibua?

ChipoKwaMoto: Wadau, habari za jioni. Nina kibanda cha chipo na kuku hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, chini ya ploti. Sinki linarudisha maji, ukiosha sufuria jioni uchafu unapanda juu na wateja wanashika pua wanavuka barabara. Nimemwaga maji ya moto, sabuni, mpaka ile dawa ya unga ya hadiwea, inafunguka kidogo kesho yake ni yale yale. Nitajieni dawa kali zaidi. Tafadhali nisiambiwe nihame.

MamaMadondo: Pole mwanangu. Nilipokuwa na hoteli Kariobangi landlodi alinipandishia kodi mara tu wateja walipoanza kujaa. Shida ya Nairobi ni malandlodi, sinki ni kisingizio tu.

FundiBomba: Hiyo dawa ya unga ni kostiki, iache, itakuchoma macho bure. Mafuta ya karai yakishakuwa meusi unayapeleka wapi?

ChipoKwaMoto: Hilo silo nililouliza.

FundiBomba: Jibu kwanza.

ChipoKwaMoto: Kijana wa vyombo anayamwaga kwa sinki usiku. Lakini na maji yanayochemka na sabuni nyingi, kwa hivyo yanaenda. Na laini nzima hapa wanafanya hivyo.

FundiBomba: Yanaenda mpaka wapi? Maji ya moto na sabuni yanayasukuma tu mbele, yakipoa yanaganda ukutani mwa bomba, tena yakikutana na kalisi (madini ya chokaa) ya zege yanageuka sabuni ngumu ambayo hata waya wa kuzibulia unapinda. Unahitaji grisi trapu, lile sanduku la chini ya sinki: maji yanaingia, yanatulia, yanapoa, mafuta yanaelea, makapi yanazama, na bomba la kutokea linavuta maji ya katikati. Mafuta na makapi yakifika robo ya sanduku, safisha. Na kabla ya kuosha, sufuria ipanguswe kwa gazeti.

Mwalimu_Buru: London mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta bonge la mafuta na vitambaa vyenye unyevu vya kujipangusia, mita 250, tani kama 130. Kipande chake kikawekwa makumbusho watu wakienda kukitazama.

Kanjo_Mstaafu: Huku kwetu kingekatwa vipande kikauzwa kwa mandazi 😂

ChipoKwaMoto: Trapu ni pesa na inanuka. Isitoshe kuna fundi nishampa depo aniunganishie bomba kwa mtaro wa mvua nyuma ya ploti. Mtaro uko wazi, hauwezi kuziba. Ameshaanza kuchimba.

FundiBomba: Aisee! Maji taka angalau yanaelekea Ruai kusafishwa. Mtaro wa mvua unaingia moja kwa moja Mto Ngong na mafuta yako yote. Watu wa NEMA, wale wa mazingira, wakikupata hutauza hata smoki.

ChipoKwaMoto: Huo mto mnauonea huruma leo? Na mwenye saluni jirani je, manholi imefurika mlangoni kwake na landlodi amesema mimi ndiye nitakayelipa. Nifanyeje, nikae tu?

Mpelelezi254: Ngojeni kwanza. Hii hekaya nimeshaisoma, wakati huo ilikuwa Roysambu na ilikuwa samaki. Mwishoni akatokea mtu na namba ya simu anauza trapu. Mwenye uzi na FundiBomba ni mtu mmoja, angalieni wote wanaongea karai karai.

FundiBomba: Sasa karai niiite nini, beseni?

MamaMadondo: Mimi nilishuku mapema. Mtu wa Pipeline ana maji ya kuosha sufuria kila jioni?

ChipoKwaMoto: Nanunua kwa mitungi, mama! Njooni mnuse wenyewe kama ni uongo.

Kanjo_Mstaafu: Tuletee chipo tuamini.

FundiBomba: Simuuzii mtu kitu. Simamisha kuchimba leo. Mafuta meusi yaache yapoe, chuja, weka kwa mtungi wenye kifuniko, kuna watu wanapita kununua ya kutengeneza dizeli. Ila uliza yanakokwenda, wengine wanayarudisha kwa karai.

ChipoKwaMoto: Na depo yangu je? Jamaa hashiki simu. Hao wa kununua mafuta nawapataje?

Mwalimu_Buru: Nina namba ya mmoja, nikutumie inboksi?

Mpelelezi254: Si niliwaambia namba itakuja.