Unknown Pleasures ya Joy Division: santuri ya 2015, nyekundu ya 2019, au CD?

Mkwajuni: Wadau, habari za jioni. Wiki hii nanunua Unknown Pleasures, albamu ya kwanza ya Joy Division, ile bendi ya Manchester, nimechoka kuisikiliza kwenye simu. Zimebaki tatu: santuri ya 2015 ya gramu 180, ile nyekundu ya 2019 yenye jalada jeupe, au CD mbili za 2007. Nichukue ipi?

BabaZuhura: Una pleya gani? Bajeti? Unataka kusikiliza au kutundika ukutani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Tuta_Leeds: Nyekundu, bila kufikiria. Ilitoka kuadhimisha miaka 40 ya albamu, na rangi za jalada zimegeuzwa: ile mistari ya mawimbi ya redio ya pulsa (nyota inayotoa mapigo) iitwayo CP 1919, ni myeusi juu ya weupe. Nzuri mno.

Bi_Mwana: Rangi haisikiki, mwanangu. CD za 2007 zina pia onyesho la Manchester la Julai 1979. Hilo peke yake linalipa.

Kitwana: Na kabla mtu hajataja nakala za kwanza za 1979, nisikilizeni. Niliuziwa moja mtandaoni kwa bei ya kukaza meno. Picha safi, maelezo "imechezwa mara chache". Ilipofika, jalada laini kabisa, wakati la 1979 ukilipapasa lina mparuzo. Nikaweka sindano. Upande wa kwanza sawa. Upande wa pili, ule ulioandikwa Inside, mkwaruzo unapiga tak, tak hadi wimbo wa mwisho. Pale kioo kinapovunjika ndani ya wimbo huo hujui kipi kioo, kipi mkwaruzo. Nikamwandikia, akasema ni sindano yangu. Nikamtumia video ya santuri nyingine ikicheza safi kwenye pleya hiyohiyo, akaniblok. Hela yangu ikaliwa hivyo.

BabaZuhura: Pole sana kaka. Ila santuri ndiyo inayomtendea haki Martin Hannett, prodyuza wa albamu hii. Pale Strawberry Studios, Stockport, alimtaka mpiga ngoma Stephen Morris apige ngoma moja moja ili kila mlio usimame peke yake. Ndiyo maana unasikia nafasi kati ya vyombo.

Kitwana: Hannett aliwapoza! Peter Hook wa besi na Bernard Sumner wa gitaa wenyewe hawakuipenda walipoisikia. Jukwaani walikuwa wakali, wazito. Namuunga mkono Bi Mwana, onyesho lile ndilo Joy Division yenyewe.

Bi_Mwana: Usiniingize huko. Onyesho nalipenda, lakini bila Hannett wangebaki bendi ya panki kati ya bendi nyingi za Manchester. Besi ya Hook, ile inayopanda juu ikabeba wimbo, humu ndimo inapokaa mahali pake.

Mkwajuni: Asanteni wote. Bajeti pauni 30. Pleya ni ya mkoba, spika zimo ndani. Halafu Love Will Tear Us Apart imo kwenye ipi kati ya hizi?

BabaZuhura: Haimo kwenye albamu hii. Factory, kampuni yao ya rekodi, waliutoa kama singo, 1980. Na hiyo pleya ya mkoba ndiyo ungeanza kuibadilisha. Nyingi hukandamiza sindano mno, zinakula santuri.

Tuta_Leeds: Mwache kijana anunue anachokipenda. Pleya itakuja.

Bi_Mwana: Kama ni wimbo huo anaoutaka, achukue Substance ya 1988.

Kitwana: Substance ni mkusanyiko, Bi Mwana. Mtu anayetaka albamu aende Closer, ile ya pili yao.

Tuta_Leeds: Closer kabla ya Unknown Pleasures? Hapana, hapo tufungue mada nyingine.