Luxemburg: lugha ya taifa ni moja, kitabu cha mtoto ni cha nyingine

Mzazi Ugenini anauliza:
Wanajamvi, salaam. Binti yangu ameanza darasa la kwanza hapa Luxemburg. Jioni ya kwanza alirudi na kitabu cha kujifunzia kusoma Kijerumani. Uwanjani alikuwa amecheza kwa Kiluxemburg. Na mkate wa chai nilikuwa nimeununua kwa Kifaransa, kwa kuwa muuzaji ni mmoja wa wale wanaovuka mpaka kila asubuhi kutoka Ufaransa. Ikiwa Kiluxemburg ndiyo lugha ya taifa, kwa nini mtoto hafundishwi kusoma kwa lugha hiyo, na je, wenyewe hawaoni kwamba utambulisho wao unapotea?

Mkazi wa Esch:
Ndugu mzazi, sheria ya tarehe 24 Februari 1984 iliigawia kila lugha kazi yake: Kiluxemburg kikawa lugha ya taifa, sheria zikabaki za Kifaransa, na ofisi za serikali zikaruhusiwa kutumia zote mbili pamoja na Kijerumani. Ndiyo maana wabunge hubishana kwa Kiluxemburg, kisha sheria yenyewe ikatoka kwa Kifaransa. Kijerumani kiliwekwa katika madarasa ya mwanzo kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa Kiluxemburg, hivyo mtoto wa mwenyeji hakioni kigeni sana. Lakini karibu nusu ya wakazi ni raia wa kigeni, Wareno wakiwa wengi kuliko wengine, na mtoto wa Kireno hujifunza kusoma kwa lugha ambayo haisikii nyumbani wala dukani. Kwangu mimi dhuluma iko hapo, wala haiko kwenye utambulisho. Mwaka 2022 shule nne zilianza kujaribu kufundisha kusoma kwa Kifaransa, wazazi wakichagua wenyewe.

Msomaji wa Historia:
Nakubaliana na Mkazi wa Esch, ila utambulisho ameupita mbio. Oktoba 1941 Wanazi walioikalia nchi walitaka kuhesabu watu, na fomu iliuliza uraia, lugha ya mama na asili. Maelekezo yalisema kwamba Kiluxemburg ni lahaja tu, hivyo hakikubaliki kuwa jibu. Majibu ya awali yalipoonyesha kwamba wengi wameandika "Lëtzebuergesch" (yaani Kiluxemburg) mara zote tatu, zoezi likafutwa. Mtu ambaye bibi yake aliijaza fomu ile hatavumilia kuambiwa kwamba lugha yake ni ya kupigia soga. Hata hivyo, angalieni mtihani wa lugha kwa wanaoomba uraia: mwombaji hupimwa kuzungumza na kusikiliza, kuandika hakumo.

Mzazi Ugenini:
Nawashukuru nyote. Jana kwenye basi (ambalo hapa halina nauli) binti yangu alimwambia bibi mmoja "Moien", naye akaongea naye Kiluxemburg hadi tuliposhuka. Mimi nilipotoa salamu ileile, nilijibiwa kwa Kifaransa.