Roketi inalipuka, mnashangilia. Hivi mnashangilia nini?

Wakuu, nitoe dukuduku langu maana limenikaa kooni muda mrefu. Kila Starship, ile roketi kubwa ya SpaceX, kampuni ya Elon Musk, ikirushwa kule Boca Chica, Texas, Marekani, watu wanageuka mashabiki wa mpira. Ikifika salama, makofi. Ikilipuka, makofi vilevile. Ukithubutu kuuliza swali moja tu unaitwa mpinga maendeleo.

Chukueni ule mruko wa tarehe 20 Aprili 2023, wa kwanza kwa roketi nzima, yaani hatua ya kwanza chini na chombo cha juu kikiwa juu yake. Urefu kama mita 120, injini 33. Tatu hazikuwa sawa hata kabla dude halijaacha ardhi, nyingine zikazimika njiani, likaanza kupinduka hovyo angani, na baada ya dakika kama nne likasambaratika. Wafanyakazi wa SpaceX wakalipuka kwa shangwe. Hao siwalaumu, ni kazi ya mikono yao, na walitaka kwanza iondoke tu pale chini. Lakini wewe uliyekuwa unatazama kwenye simu?

Na sisemi roketi ya majaribio isilipuke. Hasira yangu iko pale chini ilipoondokea. Injini 33 ziliwashwa juu ya saruji tupu: hakuna mfereji wa kuelekeza moto pembeni, hakuna mfumo wa kumwaga maji. Mfereji wa moto ulikuwepo Florida tangu enzi za Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, miaka ya 1960! Elon Musk mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba anatamani wasiuweke, na kwamba huenda likaja kuwa kosa. Bamba la chuma la kupozwa kwa maji lilikuwa linatengenezwa, halikuwa tayari, wakarusha hivyohivyo wakiamini saruji itahimili mruko mmoja. Likachimbika shimo. Mapande ya saruji yakaruka hadi baharini, moto ukaunguza ekari tatu na nusu za hifadhi, vumbi likawashukia watu wa Port Isabel, karibu kilomita 10 kutoka pale. Halafu mtu ananijibu eti "wamepata data". Data gani, kwamba moto unavunja saruji?

Kuna hili jingine ambalo mashabiki hawaligusi kabisa. Roketi ilipopotea njia, mfumo wa kuiangamiza ulipewa amri, na vilipuzi vikafyatuka. Roketi ikaendelea kuzunguka tu! Musk alisema ilichukua kama sekunde 40 hadi kusambaratika. Jamani, hiyo ndiyo kinga ya mwisho ya watu walio chini. Sekunde 40 kwa chombo kilichojaa methani na oksijeni, kisicho na mtu ndani, tena kimeshapoteza uwezo wa kujiongoza. Bahati yao kilikuwa juu ya bahari. Uchunguzi uliosimamiwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ulitoka na marekebisho 63, ndipo mruko wa pili ukaruhusiwa mwezi Novemba.

Najua mtakuja na ile ya "kampuni binafsi, hela zao, wewe inakuuma nini". Hela zao zipi? NASA, shirika la serikali ya Marekani la anga za juu, iliwapa mwaka 2021 mkataba wa karibu dola bilioni 2.9 wa kupeleka watu mwezini kwa chombo hichohicho. Hiyo ni kodi. Ufukwe unaofungwa kila wakirusha ni wa umma. Na Januari 2025, chombo cha juu kilipopasuka na mabaki yake kushukia visiwa vya Turks and Caicos, kule Karibiani, ndege za abiria ndizo zilizogeuzwa njia, na abiria wake hawakuomba kuwa sehemu ya jaribio. Machi ikatokea tena. Mitandaoni? "Tazama inavyopendeza!"

Mnara wa kurushia ulipoidaka hatua ya kwanza ikirudi chini, kwa mikono yake ya chuma, tarehe 13 Oktoba 2024, hiyo ilikuwa kazi ya kupigiwa makofi, na hapo sibishani na mtu. Ila ukishapiga makofi kwa kila kitu, makofi yako ya siku ile yana thamani gani?

Anayetaka kunijibu anijibu kwanza kuhusu zile sekunde 40. Video za mwendo wa polepole zenye muziki msiniwekee, nimeshaziona zote.