Tupeane uzoefu: makumbusho ya Ujiji na Kwihara yanapowapa wenyeji nafasi ya kusimulia

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Makumbusho ya Livingstone nayajua tangu shule ya msingi: mnara, miembe iliyorithi ule mwembe ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone, yule mvumbuzi na mmisionari, mwaka 1871, na sanamu zao wawili wakisalimiana. Miaka yote nilipaona kama mahali pa wageni.

Nilibadilika siku niliyompeleka bibi yangu, Mmanyema. Mwongozaji alipomaliza maelezo akamwuliza, "Bibi, kwenu habari za wapagazi mlizisikiaje?" Bibi akavua mtandio, akauviringa kuwa kata, akamwekea mtoto wa jirani kichwani na kumwonyesha jinsi ya kusimama na mzigo mzito shingo isiumie. Kisha akaimba wimbo wa safari alioachiwa na bibi yake. Alipofika kwenye habari za watumwa alishusha sauti, ila hakuziruka. Watoto waliokuwa wanaelekea ziwani wakajaa pale.

Nanyi leteni ya kwenu.

Mwalimu, Tabora: Asante mkuu. Sisi tuliwapeleka wanafunzi Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mtoto mmoja akauliza mizigo yote ile ilibebwa na nani. Swali hilo likatupa igizo. Tuliwaweka mbele Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao, waliobeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo baada ya kufa kwake 1873, wakipitia hapa hapa Unyanyembe. Wazazi walipokuja kutazama, baba mmoja akasimama kutusahihisha: Mnyamwezi wa msafara hakuwa mtu wa kusukumwa tu, wengi walikwenda pwani kwa hiari kutafuta mali, na aliyerudi aliheshimika. Maneno yake tukayaingiza kwenye igizo. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ilipoiva.

Mdau, Mwanga, Kigoma: Kuna makumbusho niliyoingia, siitaji, maelezo yote ukutani ni Kiingereza. Mama yangu alizunguka kimya mpaka tukatoka. Kiswahili kwanza jamani, na huku kwetu Kiha nacho kisikike.

Mtoto wa baharia, Kigoma mjini: Naunga mkono. Mzee wangu alifanya kazi kwenye Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Tulimkalisha na watoto wa mtaa, tukawapa manila na rangi. Akawasimulia meli ilivyoundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa hapa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Watoto walichora injini iliyopakwa grisi kabla ya kuzamishwa ili isile kutu, maana hicho ndicho kilichowashangaza. Michoro ipo kwangu. Natamani ibandikwe ukutani Ujiji, na wazee wengine wa meli waitwe wangali na nguvu za kusimulia. Mwenye kufahamiana na wahusika wa pale anijulishe, nitaipeleka mwenyewe.