Naomba ushauri: albamu ya 4 Étoiles niliyokua nayo, leo naiona inaburuta

Wakuu, habari za jioni. Nipo hapa Dodoma, Chang'ombe. Kijana wangu kanishushia kwenye simu albamu ya Enfant Bamiléké ya 4 Étoiles, lile kundi la Wakongo. Wahenga mnawakumbuka: Nyboma, Wuta Mayi, Syran Mbenza na Bopol. Nikiwa kidato cha pili tulikuwa na kaseti yake nyumbani, ya kurekodiwa dukani, ikapigwa mpaka maandishi ya kwenye lebo yakafutika. Ni miaka mingi sijaisikiliza.

Sasa hii ya simu ni safi, kila gita unalisikia, lakini inaburuta! Hata sauti ya Nyboma imekuwa nzito kidogo. Ile yangu ilikuwa inakimbia, sebene (ile sehemu ya magita ya kuchezea) likianza hukai. Mke wangu anasema muziki ni uleule, magoti ndiyo yamebadilika. Kaseti bado ninayo, ila naogopa redio isije ikatafuna mkanda. Niizoee hii ya simu au nihangaike na kaseti?

Mzee wa Kizota
Shemeji kamaliza kila kitu. Uzi ufungwe 😂

FundiDeki
Msimcheke, ana hoja. Maduka yale yalikuwa yanahamisha santuri kwenda kwenye kaseti kutwa nzima, mota ikichoka deki (mashine ya kaseti) inazunguka polepole. Kaseti iliyorekodiwa hivyo ukiitia kwenye redio nzima, lazima ikimbie na sauti ipande. Spidi ikizidi asilimia 6 tu, wimbo mzima unapanda karibu nusu toni. Inawezekana kabisa mlikuwa mnakimbiziwa.

Kabla ya kuicheza, chukua kalamu ya Bic, zungusha mkanda taratibu mpaka mwisho na urudishe, uone kama umeganda. Safisha hedi ya redio (kile kichwa kinachosoma mkanda) kwa pamba na spiriti. Angalia na kile kisponji kinachosukuma mkanda. Kama kimedondoka, hamishia mkanda kwenye kasha lingine la skrubu. Ikikubali kucheza, chomeka waya toka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, uirekodi mara moja uache kuitesa.

BintiKondoa
Mimi nasema baki na hiyo safi. Hawa walikuwa mastaa hata kabla ya kuungana Paris mwaka 1982. Nyboma katokea bendi za Bella Bella, Lipua Lipua na Kamale, Wuta Mayi bendi ya TPOK Jazz, Syran na Bopol walishapiga na Sam Mangwana kwenye African All Stars. Redio ya spika moja ilikuwa inakula nusu ya kazi yao. Vaa hedifoni, fuata besi peke yake wimbo mzima, halafu uniambie kama inaburuta. Na kama unataka kuzoea mwendo wa taratibu, tafuta Kékélé, kundi la mwaka 2000. Nyboma, Wuta Mayi na Syran wote wamo.

Mzee wa Kizota
Kékélé ni ya kusikiliza mkiwa mmekaa, dada. Mwenzio anatafuta sebene.

Mtoa mada
Asanteni. Fundi, sponji ipo, ila upande B mkanda umenata kidogo mwanzoni. Redio yangu ilishakufa siku nyingi. Nani hapa mjini ana deki nzima ya kuazima? Naifuata hata Nkuhungu.

FundiDeki
Nipo Kikuyu, ninayo, na spidi yake nimeipima. Njoo nayo Jumamosi baada ya saa nane. Usiiache kwenye dashibodi ya gari na hili jua. Huo upande B usiuvute kwa nguvu, niachie mimi.